LINYEKULA: Mtunzi wa densi wa Kisangani na deni la marafiki wake

MULOT, Bomet

MUHULA wa kwanza unapoanza, kelele za pekee husikika katika mabwalo ya shule za eneo hili. Meza husukumwa kando, njuga hufungwa miguuni, na mwalimu mmoja husimama mbele ya wanafunzi thelathini akiwahesabia hatua. Ngoma za kubuni hutayarishwa kwa ajili ya tamasha la kitaifa la drama, na kuanzia hapa kwenye daraja la mto Amala hadi kwenye mashamba ya majani chai ya Sotik na Kericho, kila shule hutamani kufika fainali.

Mwalimu huyo, anayeamua ni nani asimame wapi, ni lini miguu inyamaze na ni lini mabega yaanze kusema, ndiye mtunzi wa densi. Wanafunzi wakishinda, picha hupigwa na kikombe, na mtunzi hubaki nyuma ya pazia. Huku kwetu kazi yake bado huonekana kuwa ya kuwapanga watu mistari.

Penginepo mtunzi wa densi huhesabiwa sawa na mwandishi wa riwaya. Jina lake huandikwa kwenye bango, kazi zake hutajwa kwa mwaka zilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza, na maisha yake ya faragha huchunguzwa kama ya mfalme.

Katika eneo hili la Afrika, ni wachache waliofika daraja hiyo kama Bw Faustin Linyekula, mzaliwa wa Kongo ambaye hatua zake za kwanza kama mtunzi wa densi alizipiga Nairobi. Na kwake yeye, faragha na jukwaa havitenganiki kwa urahisi. Kundi lake limepewa jina la rafiki aliyekufa. Kazi yake iliyosifiwa zaidi inamhusu rafiki huyo na mwingine aliyekuwa akisubiri kunyongwa. Kazi za baadaye zinahusu kijiji cha mama yake. Mtu anayetaka kueleza urithi wake bila kugusa maisha yake atajikuta hana la kueleza.

MTOTO WA RELI

Bw Linyekula alizaliwa Februari 1974 huko Ubundu, mji mdogo kwenye mto Lualaba, kaskazini mashariki mwa nchi iliyoitwa Zaire wakati huo. Kati ya Ubundu na Kisangani mto haupitiki kwa meli kwa sababu ya maporomoko ya Boyoma. Kwa hiyo Wabelgiji walijenga reli ya kilomita 125 kuyazunguka maporomoko hayo, mizigo ishushwe Ubundu, ipande garimoshi, kisha ipakiwe tena majini Kisangani. Mtunzi huyu alikulia kando ya reli hiyo, na sehemu ya utoto wake aliipitisha katika kijiji cha Obilo.

Mwaka aliozaliwa una maana yake. Mnamo 1974 Rais Mobutu Sese Seko alikuwa katika kilele cha siasa yake ya uasilia. Majina ya Kikristo yalikuwa yamepigwa marufuku, suti na tai zimekatazwa, na Oktoba mwaka huo ulimwengu mzima ulielekeza macho Kinshasa kutazama Muhammad Ali akimwangusha George Foreman. Ndio mwaka ambao pia serikali iliunda kundi la kitaifa la ngoma, likawakusanya wachezaji kutoka pembe zote za nchi na kuwafundisha kucheza Zaire moja chini ya kiongozi mmoja.

Miaka 45 baadaye, Bw Linyekula aliwatafuta wakongwe wa kundi hilo na kuwapandisha jukwaani katika kazi iitwayo Histoire(s) du théâtre II, iliyoonyeshwa 2019. Aliwauliza, mbele ya watazamaji, walikuwa wakicheza nini hasa walipokuwa wakicheza taifa. Msomaji aliyewahi kupanga foleni uwanjani akiwa mwanafunzi, kumwimbia rais siku ya sherehe, ataelewa swali hilo bila kutafsiriwa.

Kisangani ndiko alikosomea. Ni mji wa lugha mbili kuu, Kiswahili kutoka mashariki na Kilingala kilichopanda na mto kutoka Kinshasa. Huko ndiko kijana huyu alipopenda fasihi na maigizo kabla ya kupenda densi. Alikuwa na marafiki waliotaka kuwa waandishi. Wawili kati yao watarudi mara nyingi katika makala haya: Richard Kabako na Antoine Vumilia Muhindo.

NAIROBI

Mwanzoni mwa miaka ya tisini Zaire ilikuwa ikiporomoka. Wanajeshi wasiolipwa mishahara walipora miji mnamo 1991 na tena 1993, na vyuo vikuu vikafungwa. Kijana aliyetaka kusoma hakuwa na mahali pa kusomea. Mnamo 1993 Bw Linyekula alishika njia ya mashariki, akaja Nairobi.

Kenya aliyoikuta ilikuwa imetoka tu katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi wa Desemba 1992. Jukwaa la Nairobi lilikuwa hai lakini la tahadhari, kwani kumbukumbu ya Kamiriithu, ambako serikali ilipiga marufuku mchezo wa wanakijiji mnamo 1977, ilikuwa haijafutika. Densi ya jukwaani, kwa upande wake, ilimaanisha Bomas, kituo kilichoanzishwa 1971 ambako ngoma za makabila huchezwa mbele ya wageni. Kazi ya Bomas ni ya heshima na imehifadhi mengi, ikiwemo miondoko ya Wakipsigis ambayo vijana wa Mulot leo huijua kwa kuiona huko kuliko kwa bibi zao. Hata hivyo, Bomas haikuwa mahali pa mtu mmoja kusimama na kusema lake.

Mnamo 1997, pamoja na Bw Opiyo Okach na Bi Afrah Tenambergen, Bw Linyekula alianzisha Gàara, linalohesabiwa kuwa kundi la kwanza la densi ya kisasa nchini Kenya. Kazi yao iliyoitwa Cleansing ilituzwa mwaka uliofuata jijini Luanda, Angola, katika mashindano ya watunzi wa densi wa Afrika. Kwa ghafla Kenya, nchi iliyojulikana kwa wanariadha wa Bonde la Ufa na kwa wanyama wa Mara, ilikuwa na jina katika fani ambayo wengi hapa hawakujua kuwa ipo.

Inafaa kukumbukwa kwamba mmoja wa waliotuletea sifa hiyo alikuwa mgeni aliyefukuzwa na ukosefu wa shule kwao. Bw Okach aliendelea na Gàara, naye Bw Linyekula akaanza kuzunguka Ulaya, akafanya kazi na watunzi wa Ufaransa na kushirikiana na Bw Gregory Maqoma wa Afrika Kusini.

Angeweza kubaki huko. Wengi walibaki.

KURUDI KATIKA VITA

Wakati mtunzi huyu akijifunza kazi, nchi yake ilibadilika jina na kupigana vita viwili. Mobutu aliondolewa Mei 1997. Vita vya pili vilianza Agosti 1998, na Kisangani ikawa chini ya waasi na majeshi ya kigeni. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda, yaliyokuwa yameingia Kongo kama washirika, yalipigana yenyewe kwa yenyewe katikati ya mji huo kwa siku sita. Mizinga ilipiga makanisa, shule na nyumba, na raia kwa mamia waliuawa katika ugomvi usiokuwa wao. Januari 16, 2001, Rais Laurent Kabila alipigwa risasi na mmoja wa walinzi wake, Kinshasa.

Miezi mitano baada ya mauaji hayo, Juni 2001, Bw Linyekula alirudi. Hakuweza kwenda kwao Kisangani, kwani nchi ilikuwa imegawanyika. Alikaa Kinshasa na kuanzisha Studios Kabako, kituo cha densi na maigizo.

Jina hilo ni la yule rafiki wa ujana aliyependa kuandika. Kabako alikufa kwa tauni, angali kijana, miaka ile ya vurugu. Msomaji huenda akadhani tauni ni ugonjwa wa vitabu vya historia. Kumbe bado upo kaskazini mashariki mwa Kongo, hasa Ituri. Huletwa na viroboto wa panya, na mgonjwa akipewa dawa za kuua bakteria mapema hupona. Anayekufa kwa tauni karne hizi amekufa kwa kukosa zahanati, barabara na serikali, na hilo ndilo Bw Linyekula amelirudia kazi baada ya kazi: kwamba rafiki yake hakustahili kifo cha karne ya 14.

Kuyaita makao ya kazi kwa jina la marehemu ni jambo ambalo watu wa huku hawahitaji kuelezwa. Watoto wetu hupewa majina ya waliotangulia, na katika mila za Wakipsigis jina la aliyefariki hutafutwa kwa mtoto mchanga ili roho ipate pa kurudi. Tofauti ni kwamba jina hili lilipewa jengo, na kila mcheza densi aliyepita humo amelibeba hadi Vienna, Paris na New York pasipo kumjua mwenyewe.

RAFIKI GEREZANI

Rafiki wa pili, Vumilia, alichukua njia nyingine. Alijiunga na harakati zilizomwondoa Mobutu na baadaye akafanya kazi katika idara ya usalama chini ya Kabila. Rais alipouawa, alikuwa miongoni mwa waliokamatwa. Zaidi ya watu 130 walifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi, na hukumu ilipotolewa Januari 2003 takriban 30 walihukumiwa kifo, naye akiwa mmoja wao. Kesi hiyo ililaumiwa sana na watetezi wa haki za binadamu. Alitiwa katika gereza la Makala, Kinshasa, akaanza kuandika.

Hapo ndipo maisha ya mtunzi wa densi yalipotatanika. Alikuwa mjini Kinshasa, akipata jina na mialiko, huku rafiki yake wa utotoni akiwa umbali wa safari ya teksi tu, akingoja kitanzi. Isitoshe, rafiki huyo hakuwa malaika wa kuchorwa ukutani. Alikuwa ametumikia dola ambayo ilimmeza baadaye. Kumtetea ilikuwa kuingia katika kesi ya mauaji ya rais, na kumnyamazia ilikuwa kumzika hai.

Alichofanya Bw Linyekula ni kumpandisha jukwaani bila kumtoa gerezani. Mnamo 2006 mwongozaji Mmarekani Peter Sellars aliandaa tamasha jijini Vienna kuadhimisha miaka 250 tangu Mozart azaliwe, akawaalika wasanii wa mataifa mbalimbali kuleta kazi mpya. Bw Linyekula alileta Dinozord: The Dialogue Series III. Aliichukua Misa ya Wafu ya Mozart, wimbo ambao Ulaya huwaimbia wakubwa wake, akaitumia kumzika Kabako.

Jukwaani palikuwa na sanduku jekundu la bati, lile ambalo wanafunzi wa bweni hulijua, na ndani yake maandishi ya marehemu. Palikuwa na kijana Serge Kakudji, mwanamume mwenye sauti nyororo ya juu kama ya mwanamke, akiimba Kilatini. Palikuwa na wacheza densi waliopakwa unga mweupe usoni. Na palikuwa na maneno ya Vumilia, yaliyotoka Makala.

Jina la kazi yenyewe lilitoka kwa mmoja wa wachezaji, Bw Jeannot Kumbonyeki, kijana wa Kinshasa aliyejiita Dinozord, yaani yule mnyama mkubwa wa kale, wa mwisho wa aina yake. Mwisho wa onyesho alicheza peke yake, kwa mtindo wa vijana wa mitaani, huku wengine wakimtazama. Waliobaki hai wanafanya nini na miili yao? Kazi hiyo haina jibu, ila kijana mmoja anayezunguka sakafuni hadi pumzi imwishie.

Je, ilikuwa haki kuyatumia mateso ya mfungwa kwa burudani ya watu waliolipa tiketi Vienna? Swali hilo huulizwa, nami naona lina uzito. Mtu anaweza kusema kwamba maumivu ya Kongo yamekuwa bidhaa nyingine inayosafirishwa nje pamoja na shaba na koltani, na kwamba faida hubaki kule kule. Lakini fikiria upande wa Makala. Mfungwa aliyehukumiwa kifo huogopa kusahauliwa kuliko anavyoogopa kutajwa. Mnamo 2009, katika more more more... future, Bw Linyekula alizitia tena beti za Vumilia mdomoni mwa waimbaji, safari hii kwa gitaa la Flamme Kapaya, mpigaji mashuhuri mzaliwa wa Kisangani ambaye alijipatia jina katika bendi ya Werrason. Beti za gereza zilipigwa kwa mdundo wa ndombolo, muziki ambao Mkongo yeyote huutambua kabla ya baa kufunguliwa.

Vumilia hakunyongwa. Alitoroka gerezani na kupata hifadhi Uswidi. Dinozord ilipoundwa upya mnamo 2012 kwa jina la Sur les traces de Dinozord, alikuwa jukwaani yeye mwenyewe, akisema maneno ambayo awali yalisemwa kwa niaba yake. Kabako peke yake ndiye hakurudi.

MJI KWENYE KINGO ZA MTO

Baada ya vita kupoa, Studios Kabako ilihamia Kisangani katika miaka ya 2006 na 2007. Uamuzi huu ndio ninaouhesabu kuwa mkubwa kuliko onyesho lolote. Kinshasa ina balozi, vituo vya utamaduni vya kigeni na ndege za kila siku. Kisangani ilikuwa na majengo yaliyotobolewa na mizinga. Mwenye kuhamishia kundi la densi huko ama amechanganyikiwa au ana hesabu nyingine.

Hesabu yake ilikuwa hii: vijana wa Kisangani wasilazimike kuondoka kama alivyolazimika yeye. Kituo kilijengwa kuwa mahali pa mazoezi, pa kurekodi muziki na kutengenezea filamu. Wasanii walipata vifaa na mafunzo, na wengine walifadhiliwa waanzishe kazi zao wenyewe. Miongoni mwa waliopitia mikononi mwa Studios Kabako ni Dorine Mokha wa Lubumbashi, mtunzi na mwandishi mwenye kipaji aliyefariki Januari 2021 akiwa na umri wa miaka 31.

Ng'ambo ya mto, katika mtaa wa Lubunga usiokuwa na maji ya mfereji, kituo hicho kilijiingiza hata katika mradi wa kusafisha maji ya kunywa. Mtu atacheka: densi na mabomba vinahusiana vipi? Anayejua jinsi akina mama wa upande wa chini wa Mulot wanavyobeba mitungi wakati wa kiangazi hatacheka. Mwili uliochoka kwa kubeba maji hauwezi kucheza.

Tuzo zilifuata. Alipata ile ya Prince Claus ya Uholanzi mnamo 2007. Mnamo 2009 Comédie-Française, jumba kongwe la maigizo la Ufaransa, lilimpa aongoze Bérénice ya Racine, na mwaka uliofuata alijibu mwaliko huo huko Avignon kwa kazi iliyoitwa Pour en finir avec Bérénice, ambamo waigizaji wa Kongo walikabiliana na lugha ile waliyochapiwa viboko shuleni ili waijue. Lisbon ilimfanya msanii wake wa mwaka 2016, na 2019 alikuwa msanii mwenza wa Tamasha la Uholanzi pamoja na William Kentridge wa Afrika Kusini.

Orodha hiyo ya heshima ndiyo pia chanzo cha lawama. Kazi zake nyingi hulipiwa na majumba ya Ulaya, na watazamaji wengi wa kazi hizo wako huko. Mcheza densi wa Kisangani anahitaji viza ili akacheze kisa cha Kisangani. Bw Linyekula hajaficha utata huo. Ameufanya kuwa mada. Fedha za Vienna na Paris ndizo zinazolipa taa za Kisangani, naye anajua kwamba siku majumba hayo yatakapochoka na Afrika, taa zitazimika. Nchi yenye dhahabu yote ile haijaona haja ya kuziwasha.

KIJIJI CHA MAMA

Mnamo 2011 alianza kucheza peke yake, katika kazi iitwayo Le Cargo. Humo anaeleza safari ya kurudi Obilo, kile kijiji cha reli, kutafuta ngoma alizozisikia usiku akiwa mtoto. Alikuta mengi yamepotea. Vita vilikuwa vimepita, na makanisa mapya yalikuwa yamewafundisha watu kwamba ngoma za wazee ni za shetani.

Wasomaji wa Bomet wataitambua hadithi hii mara moja. Misheni zilizojenga hospitali na shule zetu, na ambazo shukrani zetu kwao ni za kweli, ziliwataka pia waumini waziache ngoma za jando na nyimbo za pombe. Mwongofu alitambulika kwa kutulia kwa miguu yake. Vizazi viwili baadaye wajukuu hujifunza miondoko hiyo kwa ajili ya kikombe cha tamasha la drama.

Kisha ikaja Banataba. Jumba la makumbusho la Metropolitan la New York lilimwalika kutazama hazina yake ya sanaa ya Afrika. Ghalani alikuta sanamu ya mbao ya Walengola, watu wa upande wa mama yake, ambayo haikuwa imewahi kuonyeshwa hadharani. Alisafiri na mama yake hadi Banataba, kijiji cha asili cha ukoo huo, akamwomba mchongaji wa huko achonge sanamu mpya. Mnamo Septemba 2017 aliicheza hadithi hiyo ndani ya jumba lenyewe la Metropolitan, akiwa na kichongwa kipya mikononi, mita chache kutoka kwenye ghala la kile cha zamani.

Sisi nasi tuna sanamu yetu ghalani, ila yetu ni ya sauti. Mnamo 1950 Mwingereza Hugh Tracey alifika Kapkatet, mwendo mfupi kutoka hapa, akawarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba kuhusu Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu paa, wakimwalika aje acheze nao. Jina hilo lilikuwa la Jimmie Rodgers, mwimbaji Mmarekani aliyefariki 1933, ambaye sahani zake za santuri zilifika katika nchi hii na wazungu. Wimbo ulihifadhiwa Afrika Kusini katika maktaba ya muziki aliyoiunda Tracey, ukasikilizwa na kupendwa na watu wa mabara ya mbali, huku Kapkatet penyewe hauna nakala. Katikati ya miaka ya 2010 ndipo nakala ziliporudishwa, na wazee waliokuwa vijana siku ile ya 1950 wakasikia sauti za rika lao.

Kurudishwa kwa kanda ni jambo moja. Alilolifanya Bw Linyekula ni zaidi kidogo, kwani hakuishia kudai sanamu ya kale. Aliagiza mpya, akionyesha kwamba mkono wa kuichonga bado upo kijijini.

Na hata hapo kulikuwa na tatizo la kifamilia. Masimulizi ya ukoo aliyopewa Banataba yalitaja wanaume tu, baba na babu na babu wa babu. Wanawake waliowazaa hawakuwa na majina. Kwa hiyo akarudi kwa mchongaji, safari hii kwa ajili ya wanawake hao wasiotajwa, na vichongwa vyao vikawa washirika wake katika kazi aliyoiita My Body, My Archive, yaani mwili wangu ndio kumbukumbu yangu.

Alitarajiwa kuionyesha jijini London Machi 2020, katika kumbi za chini za jumba la Tate Modern ambazo zamani zilikuwa matangi ya mafuta ya kituo cha umeme. Siku zilipowadia, ugonjwa wa Covid-19 ulikuwa umefunga jiji. Jumba lilifungiwa umma. Bw Linyekula na wenzake waliingia hata hivyo, wakawasha taa, akacheza mbele ya kamera, na mama zake wa mbao wakiwa ndio pekee waliosimama mahali ambapo watazamaji wangekuwa.